Tutangazeje Mchango Ili Kila Mtu Ashiriki na Asiwepo wa Kuaibika?

SOMO LA FAMILIA NA VIKUNDI VYA NYUMBANI

Maandiko ya kusoma: Kutoka 35:4-29 na 36:2-7; 2 Wafalme 12:4-15; Luka 21:1-4; 1 Wakorintho 16:1-4; 2 Wakorintho sura ya 8 na ya 9.

Kusudi la somo: Mwisho wa somo hili tuweze kupanga na kutangaza mchango wa jumuiya kwa njia ambayo watu watauelewa, wataupenda, na wataendelea kuuamini mpaka kazi iishe.

UTANGULIZI



Hakuna mwezi unaopita katika makazi yetu bila mchango. Leo ni mabati ya kanisa, kesho ni nauli ya mgonjwa aliyeandikiwa kwenda hospitali ya mbali, keshokutwa ni jeneza, au karo ya mtoto aliyefaulu na hana mtu wa kumsomesha. Tunatangaziwa mara nyingi hata masikio yamechoka. Mtangazaji akisimama na kusema, "Tunaomba kila mmoja ajitoe," wengine huinamisha kichwa, na wengine hukumbuka ghafla kwamba wameacha sufuria jikoni.

Je, ni kwa sababu watu wetu hawana upendo? Hapana. Tumewaona watu hawa hawa wakigawana kikombe kimoja cha unga na jirani aliyefika usiku akiwa na watoto. Tatizo mara nyingi ni namna tunavyotangaza na namna tunavyotunza kilichotolewa. Nitaanza na jambo ambalo mimi mwenyewe nilishiriki, na si kwa kujisifu.

MABATI YALIYOPOTEA

Miaka kadhaa iliyopita, katika kanisa nililokuwa nikisali wakati huo, tulianza mchango wa mabati. Turubai la kanisa lilikuwa limechanika, na mvua ikinyesha wakati wa ibada akina mama walikuwa wakisogeza watoto kutoka kona hii hadi ile. Niliwekwa katika kamati kuwa mwandishi. Tulitangaza Jumapili moja, watu wakatoa vizuri. Jumapili ya pili wakatoa. Fedha zikawekwa kwa mweka hazina, nyumbani kwake, ndani ya sanduku la nguo.

Usiku mmoja mama mmoja wa mtaa wetu alifariki akijifungua. Hakuwa mshirika wa kanisa letu, na mume wake hakuwa na kitu. Kamati tulikutana saa nne za usiku tukakubaliana kutumia fedha za mabati kwa jeneza, sanda na gari. Mpaka leo naamini tulifanya jambo jema. Lakini kosa letu lilikuwa hili: hatukuwaambia watu. Tuliogopa kusema kwamba mabati yamepungua. Tulisema moyoni, "Tutarudisha kidogo kidogo, hakuna atakayejua."

Baada ya miezi mitatu mzee mmoja aliuliza mbele ya watu, "Mabati yetu yako wapi?" Hatukuwa na jibu lililo tayari. Minong'ono ikaanza bombani, ikafika sokoni. Wengine walisema mweka hazina amefungua biashara. Watoto wake walitukanwa njiani. Kwaya ya vijana iligawanyika, na familia kadhaa zikahamia kanisa jingine.

Mwishowe tulifungua daftari mbele ya kanisa lote, tukasoma kila kitu, pamoja na usiku ule wa msiba. Watu walinyamaza. Kisha bibi mmoja mzee, ambaye hutembea kwa fimbo, akasimama akasema, "Wanangu, mngetuambia usiku ule ule, tungeongeza."

Neno hilo sijalisahau. Mchango wetu haukuuawa na umaskini. Uliuawa na kunyamaza. Tangu hapo najua kwamba kutangaza mchango si kazi ya siku ya kwanza tu. Ni kazi ya kila wiki, mpaka siku ya mwisho.

BIBLIA INATUFUNDISHA NINI?

1. Musa alitangaza kwa watu wote, akataja vitu kwa majina yake

Tukisoma Kutoka 35 tunaona watu waliokuwa safarini jangwani, wakiishi katika hema kama wengi wetu. Musa hakuita matajiri faraghani. Alisema na mkutano wote wa Israeli. Tena hakusema tu "leteni chochote." Alitaja dhahabu, fedha, shaba, nyuzi, ngozi, mbao, mafuta na manukato. Kila mtu alisikia jambo ambalo lingeweza kutoka nyumbani kwake. Wanawake wenye ujuzi walisokota nyuzi kwa mikono yao, nayo ikahesabiwa kuwa sadaka. Na katika sura ya 36, vitu vilipokuwa vimetosha, Musa alitoa tangazo jingine: watu waache kuleta. Ni mara ngapi umesikia kamati ya mchango ikitangaza kwamba imetosha?

2. Kuhani Yehoyada aliweka sanduku mahali pa wazi

Katika 2 Wafalme 12, mfalme Yoashi aliagiza nyumba ya Bwana itengenezwe kwa fedha zilizoletwa. Miaka ikapita, hata mwaka wa 23 wa kutawala kwake mabomoko yalikuwa bado hayajatengenezwa. Fedha zilikuwa zikiingia, lakini kazi haikuonekana. Ndipo kuhani Yehoyada akatwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu, upande wa kuume mtu anapoingia. Sanduku lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja wawili kuhesabu. Fedha zikakabidhiwa kwa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala, wajenzi na waashi. Hapo kazi ikaenda.

3. Paulo aliwapa watu muda, akachagua wajumbe waaminifu

Waamini wa Uyahudi walikuwa katika shida. Matendo 11:27-30 inasimulia njaa ya wakati wa Klaudio, na jinsi ndugu wa Antiokia walivyopeleka msaada, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Baadaye Paulo alikusanya mchango mkubwa kutoka makanisa ya Galatia, Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Angalia hekima yake. Aliwaambia Wakorintho kila mtu aweke akiba kidogo siku ya kwanza ya juma, kwa kadiri ya mafanikio yake, ili asije akafika na kuanza kuwakimbiza. Aliwasimulia Wakorintho habari za Wamakedonia waliotoa wakiwa katika umaskini mkubwa, na Wamakedonia aliwasimulia bidii ya Wakorintho. Hakuwaamuru, bali aliwatia moyo kwa habari za kweli. Tena hakubeba fedha peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa, kusudi mtu asipate la kuwalaumu. Naye ni yule yule aliyefundisha kwamba mtu atoe kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa kulazimishwa.

TUJIFUNZE PIA KWA YALE TULIYOYAONA

Wale waliokaa Kenya wanalijua neno harambee. Rais Jomo Kenyatta alilifanya mwito wa taifa wakati wa uhuru mwaka 1963, na kwa njia hiyo wananchi walijenga shule nyingi, zahanati na miradi ya maji. Lakini kadiri miaka ilivyopita, wengine walilalamika kwamba wanasukumwa kutoa, na wakubwa wakaitumia kujitafutia sifa na kura. Mwaka 2003 Kenya ilipitisha sheria ya maadili ya watumishi wa umma, nayo ikaweka mipaka kwa watumishi hao katika kuendesha harambee.

Wazee waliotoka Kongo nao wanakumbuka salongo ya nyakati za Zaire, kazi ya pamoja ya kusafisha na kujenga. Kazi yenyewe ni njema, lakini ilipokuwa ya amri, moyo ulitoka ndani yake.

Basi tukumbuke: hiari ikigeuka amri, watu watatoa mkono lakini moyo utabaki nyumbani.

NJIA NANE ZA KUTANGAZA MCHANGO WETU

Njia ya kwanza: Taja kitu, usitaje fedha tu

Usitangaze, "Tunahitaji milioni mbili na laki nne." Mtu mwenye shilingi mia tano mfukoni akisikia hivyo huona hana sehemu. Tangaza, "Tunahitaji mabati 60." Kisha gawanya hesabu mbele ya watu. Tuseme bati moja ni shilingi 40,000. Mabati 60 ni shilingi 2,400,000. Tuseme mnada na tamasha la kwaya vitaleta mabati 20. Yanabaki 40, yaani shilingi 1,600,000. Tukiwa familia 80, kila familia ni shilingi 20,000, na kwa wiki 20 ni shilingi 1,000 kwa wiki. Hapo mlima umekuwa kichuguu. Usisahau kuhesabu misumari, mbao na gari la kubebea. Ukiyasahau, itakubidi urudi kwa watu kuomba tena, nao watakuuliza maswali.

Njia ya pili: Chora ubao wa mabati

Chukua kipande cha ubao au boksi kubwa, chora paa lenye vyumba 60 vidogo. Kila mara fedha ya bati moja inapotimia, mtoto wa shule ya Jumapili anaitwa mbele kupaka rangi chumba kimoja. Mkaa na chaki zinatosha. Ubao huo usimame mlangoni, mahali ambapo hata asiyejua kusoma anaona tumefika wapi. Nimeona watoto wakiwavuta mama zao mkono wawaonyeshe. Majina ya watu yasiandikwe kwenye ubao huo, wala kiasi cha mtu mmoja mmoja.

Njia ya tatu: Peleka tangazo mahali watu walipo

Tangazo la kanisani linawafikia waliokuja kanisani. Je, aliyebaki kumwuguza mgonjwa? Chagueni watangazaji wawili wawili, mwanamke na mwanamke, au mzee na kijana, wapite bombani, kwenye mashine ya kusaga, sokoni, na nyumba kwa nyumba jioni watu wakiwa wametoka shambani. Waseme kwa Kiswahili, na pia kwa lugha ya nyumbani ya wale wanaowatembelea, iwe Kibembe, Kifuliru, Kirundi au Kinyarwanda. Bibi yetu anayesikia Kibembe peke yake naye ni mshirika. Siku ya kugawa posho wasiende kwenye foleni kuomba. Mtu aliye katika foleni ana mzigo wake, na tangazo la mchango hapo linaonekana kama kunyoosha mkono kwenye unga wake.

Kabla ya kutumia kipaza sauti au kuita mkutano nje ya kanisa, wajulisheni viongozi wa mtaa na ofisi ya makazi. Kibali cha karatasi moja kinazuia usumbufu wa siku nyingi.

Njia ya nne: Kwaya na igizo

Kwaya itunge wimbo wake mpya wa mchango huo, mfupi, ambao watoto watauimba njiani. Vijana watayarishe igizo la dakika kumi. Kwa mfano: bwana na bibi wanagombana kama watoe au wasitoe, mvua inaanza kunyesha, wanakimbilia kanisani, na huko wanalowa kuliko nyumbani. Watu wakicheka, wamekwisha kuelewa. Mnaweza pia kualika kwaya za makanisa mengine kwa tamasha la mchana mmoja. Lakini mkialika, nanyi mkubali kwenda kwao watakapojenga. Mkono huoshwa na mkono mwenzake.

Njia ya tano: Mnada wa mazao

Hii tunaijua wote. Mtu asiye na fedha analeta mayai matatu, boga, kuku, ndizi, au kikapu alichosuka. Mwenye fedha ananunua, na mara nyingine mnunuzi anarudisha kuku yule yule auzwe tena, hata kuku mmoja akaleta bei ya kuku wanne. Furaha ya mnada ni sehemu ya tangazo. Lakini mwendesha mnada awe mtu mwenye ulimi mzuri. Asimdhihaki aliyeleta kitu kidogo, wala asimtaje kwa jina mtu aliyenyamaza na kumbana aongeze bei. Na jambo hili tuliweke wazi: tusiuze mnadani vitu vya posho. Tangu mwaka 2023 mgao wa chakula umepunguzwa katika makambi na makazi ya Tanzania, Kenya na Uganda, na mama anayetoa unga wa watoto kwa sababu ya aibu hajatoa sadaka, ameporwa.

Njia ya sita: Kazi na ujuzi

Kama wale wanawake waliosokota nyuzi, kila mtu ana kitu mikononi. Fundi cherehani anaweza kutoa mapato ya siku moja. Kinyozi vilevile. Vijana wanaweza kufyatua matofali Jumamosi mbili. Mwenye baiskeli anaweza kubeba misumari kutoka mjini. Mzee asiyeweza kubeba kitu anaweza kukaa na watoto wakati mama zao wanachota maji ya ujenzi. Kazi hizi ziandikwe kitabuni kama fedha zinavyoandikwa, na zisomwe siku ya kutoa hesabu. Mtu akisikia kwamba siku yake ya kazi imehesabiwa, atajua kwamba paa lile ni lake.

Njia ya saba: Kidogo cha kila siku

Katika milima ya Mizoram, kaskazini-mashariki mwa India, akina mama wa kanisa walianza mwaka 1910 desturi ya kutenga konzi moja ya mchele kila wanapopika. Mchele huo hukusanywa na kuuzwa kwa ajili ya kazi ya kanisa. Watu hao hawakuwa matajiri, lakini desturi hiyo imedumu zaidi ya miaka mia moja. Kwetu tunaweza kubadilisha. Mwenye shamba atenge konzi ya maharage yake wakati wa mavuno. Mwenye genge la nyanya atenge fungu moja kwa wiki. Asiye na shamba wala genge asitenge kitu. Paulo alifundisha kwamba kinachokubaliwa ni kile mtu alicho nacho, wala si kile asicho nacho.

Njia ya nane: Ndugu walio mbali

Wengi wetu tuna ndugu waliohamishiwa Marekani, Kanada, Australia na nchi za Ulaya. Nao wanatamani kusikia habari zetu, si maombi ya fedha tu. Watumieni ujumbe wa sauti katika simu, mfupi, wa mzee wanayemfahamu, akieleza kazi na hesabu. Watumieni picha ya ubao wa mabati kila mwezi, ili waone chumba walichokipaka rangi wao. Msitume picha za watoto walio uchi au wagonjwa ili kuamsha huruma. Mtoto huyo atakua, na picha itabaki.

Namba ya simu ya kupokelea fedha iwe moja tu, itangazwe kanisani, na kila fedha inayoingia iandikwe kitabuni mbele ya watu wawili. Waambieni ndugu wa mbali kwamba wakipata namba tofauti na hiyo, wasitume kitu kabla ya kumpigia mchungaji au mzee wa kanisa wanayemjua sauti. Wadanganyifu nao wanajifunza kutangaza.

TANGAZO LILILO KUU: HESABU

Wapendwa, tungeweza kuimba na kuigiza vizuri kuliko wote, lakini bila hesabu watu watatoa mara moja tu.

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa katika makazi yetu vinatumia sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Mtindo wa vikundi hivyo ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, nao ukaenea katika nchi nyingi za Afrika. Mtu mmoja hawezi kulifungua sanduku. Kufuli hizo zinalinda fedha, na zaidi ya hapo zinamlinda mweka hazina na maneno ya watu. Laiti mweka hazina wetu wa zamani angekuwa na sanduku kama hilo, watoto wake wasingetukanwa.

Basi tufanye hivi:

- Fedha zihesabiwe na watu watatu, mara tu baada ya ibada, kabla hazijatoka kanisani.
- Jumla iandikwe kwa kalamu ya wino na wote watatu waweke sahihi au dole gumba.
- Jumapili inayofuata isomwe: tulikuwa na kiasi gani, kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani, kwa kazi gani, kimebaki kiasi gani.
- Risiti za vitu vilivyonunuliwa zibandikwe kwenye daftari.
- Mtu yeyote aliyetoa, hata shilingi mia, aruhusiwe kuliona daftari.
- Ikitokea dharura kama ile ya msiba wetu, kanisa liulizwe. Kama ni usiku na haiwezekani, watu waambiwe kesho yake asubuhi, si baada ya miezi mitatu.
- Vitu vikitosha, mtangaze kwamba vimetosha, kama Musa. Kilichozidi watu wenyewe waamue kiende wapi.

JE, ASIYE NA KITU?

Hapa ndipo mchango wengi unapojeruhi. Tunasoma majina na kiasi: fulani elfu kumi, fulani elfu tano, fulani mia mbili. Kicheko kidogo kinapita, na yule wa mia mbili hatarudi. Wengine hukopa ili jina lao lisomwe vizuri, kisha watoto wanalala njaa kwa sababu ya kulipa deni.

Katika Luka 21 Bwana Yesu alimwona mjane aliyetoa senti mbili, akasema kwamba ametoa kuliko wote. Lakini tuangalie pia mwisho wa sura ya 20, aya moja tu kabla ya hapo. Yesu alikuwa akiwaonya watu juu ya viongozi wa dini wanaokula nyumba za wajane. Basi habari ya mjane isitumiwe kamwe kumsukuma mjane atoe senti zake za mwisho. Ituonye sisi tulio katika kamati, tunaoshika sanduku.

Kwa hiyo bahasha zote zifanane. Anayetaka kuweka kikaratasi chenye ombi badala ya fedha aweke, na ombi hilo liombewe. Jumla ya wote isomwe, kiasi cha mtu mmoja kisisomwe. Na kama katika kuzunguka nyumba kwa nyumba watangazaji wakikuta nyumba isiyo na moto jikoni, wasiseme habari za mabati hapo. Warudi kwa mashemasi na kusema, "Nyumba ile inahitaji sisi tuichangie." Mchango unaozunguka na kuona shida za watu, hata usipopata bati siku hiyo, umekwisha kujenga kanisa.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA KIKUNDI

1. Kumbuka mchango mmoja uliokufa katika jumuiya yetu. Ulikufa kwa sababu watu hawakuwa na kitu, au kwa sababu nyingine?
2. Kwa nini Yehoyada aliliweka sanduku mahali ambapo kila aingiaye alikuwa akiliona?
3. Kwa nini Paulo alitaka watu waanze kuweka akiba kabla hajafika?
4. Katika familia yako kuna ujuzi gani unaoweza kuhesabiwa kama mchango? Kila mtu ataje wake, hata watoto.
5. Kama ungekuwa katika kamati ule usiku wa msiba, ungefanya nini, na asubuhi yake ungesema nini?
6. Tunawezaje kumtia moyo mtu bila kumlazimisha? Toeni mfano wa maneno ya kusema.

ZOEZI LA WIKI

Kila kikundi cha nyumbani kiandae tangazo la mchango lisilozidi dakika mbili. Lijibu mambo matano: tunataka kufanya nini, vitu gani vinahitajika, kila mtu anaweza kushiriki kwa njia zipi, nani anatunza fedha, na hesabu itasomwa lini. Mtangazeni mbele ya mtoto wa miaka kumi. Akiweza kulirudia kwa maneno yake mwenyewe, tangazo lenu ni zuri. Asipoweza, lifupisheni.

MWISHO

Katika kanisa lile tulianza upya. Tulinunua sanduku, tukachora ubao. Yule bibi mwenye fimbo aliombwa kushika ufunguo mmoja kati ya mitatu, naye akaufunga kwenye pindo la kitenge chake kila Jumapili. Paa halikukamilika haraka, na mabati mengine yalikuwa ya mitumba. Lakini siku bati la mwisho lilipogongelewa, hakuna aliyeuliza fedha zimekwenda wapi, kwa sababu kila mtu alikuwa anajua. Na mzee yule aliyeuliza swali lake mbele ya watu ndiye aliyeshika ngazi.

Ndugu zangu, tumekimbia tukaacha nyumba zetu. Hatujui tutakaa hapa kwa miaka mingapi. Lakini popote tulipo, tunaweza kujenga kitu pamoja kwa mikono safi. Mtakapotangaza mchango unaofuata, semeni wazi, pokeeni kwa heshima, toeni hesabu kila wiki.

Ombi: Bwana, utupe mioyo ya kutoa kwa furaha, na mikono isiyoficha kitu. Uwakumbuke wasio na kitu kati yetu, na utufundishe kuwaona kabla hatujawaomba. Amina.